Lugha ya Maswali ya Hesabu: Maneno Madogo, Makosa Makubwa

Tangu Azimio la Arusha na maandiko ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, hisabati ya shule zetu za msingi imefundishwa kwa Kiswahili, na katika mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Kazi iliyofanywa tangu hapo si haba. Leo mwalimu anazo namba tasa, namba shufwa na namba witiri. Anayo asilimia, wastani na mzingo. Katika sehemu anajua kiasi ni kipi na asili ni ipi. Na kigawe kidogo cha shirika hakimtishi. Istilahi hizi zimesimama imara, nasi hatuna nia ya kuzibomoa.

Hoja yetu ni nyingine. Tukiyatazama maswali ya mazoezi wanayopewa watoto ili wajenge stadi za kuhesabu, tunaona kwamba mara nyingi kinachomkwaza mwanafunzi ni viunganishi na vielezi vinavyoizunguka istilahi: na, kwa, zaidi, hadi. Wataalamu wameyashughulikia majina makubwa, na maneno haya madogo yakaachwa yajitegemee. Mifano tutakayoitoa tumeitunga wenyewe kwa kufuata mtindo wa maswali hayo, maana tunahukumu mtindo, wala si kitabu kimoja.

Tumechagua kuupima mtindo huo kwa macho ya mtoto wa Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa. Mahali hapa pana historia ndefu ya misheni na shule, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelezwa na Wakonsolata. Ipo shule ya sekondari, ipo hospitali, na pande zote wapo wakulima wa mahindi. Watoto wengi wa sehemu hizo huzungumza Kihehe nyumbani. Kiswahili cha swali wanakisoma kama kilivyoandikwa, neno kwa neno, na ndiyo maana kosa la mtunzi haliwezi kujificha kwao.

Tuanze na neno na. Mwalimu anasoma imla ya namba: "Andikeni elfu kumi na mbili." Mtoto mmoja anaandika 12,000, mwingine 10,002. Wa pili anakosolewa. Lakini kosa lake ni lipi? Juma lililopita alifundishwa kwamba mia mbili na tatu ni 203, na kwamba elfu moja na tano ni 1,005. Ameichukua kanuni ile ile akaitumia penye namba kubwa zaidi. Huyu amefikiri, naye ameadhibiwa kwa kufikiri. Sokoni utata huu haudhuru, kwani hakuna anayeuza kitu kwa shilingi 10,002. Muktadha unamaliza shauri. Darasani hakuna muktadha. Hata katika hati ya malipo, ambako kiasi huandikwa kwa maneno ili kuzuia udanganyifu, "elfu ishirini na tano" huokolewa na tarakimu zilizo kando yake, ilhali maneno ndiyo yaliyotakiwa kuzilinda tarakimu.

Wako walimu wanaotanguliza kizidishi: kumi na mbili elfu ni 12,000, na elfu kumi na mbili ni 10,002. Watu wengine husema utaratibu huo unapingana na mazoea ya umma. Ni kweli, na hatudai kwamba muuza nyanya abadili usemi wake. Lakini lugha ya hati na ya mtihani ina haki ya kuwa na kanuni yake, mradi kanuni hiyo itangazwe na ifuatwe na wote. Linaloumiza ni kwamba shule moja yafuata hivi na jirani yake hivi, kisha watoto wa shule zote mbili wanakutana katika mtihani mmoja.

La pili ni kwa. "Gawanya 10 kwa nusu." Mtu wa kawaida atajibu 5, maana amekata kitu vipande viwili. Mwanahisabati atajibu 20, maana nusu zilizomo katika 10 ni ishirini. Wote wawili wanajua Kiswahili. Kadhalika "Bei ya shilingi 8,000 ilipunguzwa kwa 2,000" na "ilipunguzwa hadi 2,000" ni habari mbili tofauti, wala mtunzi hana ruhusa ya kubadilishana maneno haya kama pambo la mtindo.

La tatu ni zaidi. "Ana ana machungwa 4. Juma ana machungwa mara tatu zaidi. Je, Juma ana machungwa mangapi?" Wengine watasema 12, wengine 16, na kila upande una hoja. Neno mara lenyewe halina hatia. Muuguzi akimwambia mgonjwa ameze vidonge viwili kutwa mara tatu, mgonjwa anajua kwamba jumla ni sita, na maisha yake yanategemea ujuzi huo. Utata unaingizwa na zaidi, neno ambalo swali halikulihitaji.

Baada ya maneno, yapo mambo yanayotafsiriwa bila kupimwa. Mathalani saa. Swali la Kiingereza linaeleza safari iliyoanza saa nne asubuhi kwa hesabu yetu na kuisha saa nane mchana. Kwa saa ya Kiingereza hiyo ni kutoka 10 hadi 2. Mtoto hawezi kutoa moja kwa moja, na shabaha ya zoezi ni kumfundisha kuvuka adhuhuri. Mfasiri mwaminifu akiandika saa 4:00 asubuhi na saa 8:00 mchana, amesema kweli lakini ameliua zoezi: 8 toa 4 ni 4, basi. Siku ya Mswahili hugeuka saa kumi na mbili, asubuhi na jioni. Aliyeelewa shabaha ya swali angeandika saa 10:00 jioni hadi saa 2:00 usiku. Hapo ugumu ungebaki pale pale, na jibu lingekuwa lile lile, saa nne. Kutafsiri zoezi ni kutafsiri ugumu wake, sio saa zake tu.

Mwisho ni gunia. "Mkulima aliuza magunia 15 ya mahindi. Alipata kilo ngapi?" Mtunzi anadhani jibu ni 1,500, kwa kuwa gunia ni kilo 100. Mtoto wa mkulima ameona lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, ambalo serikali imelipiga marufuku na ambalo bado linamnyonya mkulima. Kwake yeye gunia ni chombo, si kipimo. Swali linalomfundisha kulichukulia gunia kama kipimo linamzoeza kutouliza uzito, nayo ndiyo hesabu ambayo mzazi wake angependa kuona mwanawe akiijua kuliko zote.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

1. Kanuni moja ya kutaja maelfu kwa maneno itangazwe kwa ajili ya shule, mitihani na hati za serikali. Sisi tunaunga mkono kizidishi kutangulia: kumi na mbili elfu.

2. Kugawanya kwa sehemu kuandikwe kwa tarakimu, yaani gawanya kwa ½. Na pale inapokusudiwa kukata, isemwe "gawanya katika sehemu mbili zilizo sawa".

3. Neno zaidi lisiandamane na mara. Isemwe "mara tatu ya machungwa ya Ana", au "machungwa manane zaidi ya Ana".

4. Saa zichaguliwe upya kwa kufuata siku ya Mswahili.

5. Chombo kisitumiwe kama kipimo bila kutaja uzito au ujazo wake.

Watakuwapo watakaosema kwamba mambo haya ni madogo. La hasha. Mwanafunzi anayeingia sekondari atakuta hisabati kwa Kiingereza. Miaka ya shule ya msingi ndiyo fursa yake ya kuhesabu kwa lugha anayoifahamu zaidi. Akijifunza katika miaka hiyo kwamba kulisoma swali kwa makini humletea alama ya kukosa, ataacha kusoma na kuanza kubahatisha, na hakuna istilahi, hata iwe sanifu kiasi gani, itakayomrudisha.