Syokimau Baina ya Reli na Daftari: Kumtafuta Mhenga wa Kike wa Ukambani

Utangulizi

Miongoni mwa wanawake wanaotajwa katika mighani ya Wakamba, Syokimau ndiye anayejulikana zaidi, na pia ndiye aliye mgumu zaidi kushikika kihistoria. Masimulizi humweka katika milima ya Iveti, Machakos, kabla ya kuingia kwa utawala wa Waingereza, na humpa utabiri mmoja mashuhuri: kwamba litakuja joka refu litemalo moto, litambaalo kutoka maji makuu hata maji makuu mengine, na kwamba pamoja nalo watakuja watu wenye ngozi kama nyama, wasemao kama ndege na wabebao moto mifukoni. Wasimulizi hulifasiri joka hilo kuwa ni reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Reli hiyo iliuacha mji wa Machakos kando, ikapitia Konza, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901.

Wahakiki wetu wamezoea kuisoma habari hii kwa njia mbili. Wa kwanza huichukua kuwa ni wasifu wa Syokimau. Wa pili hutazama kimya cha nyaraka na kumwona kuwa ni kiumbe wa ngano tu. Makala haya yanashikilia kwamba njia zote mbili zina kasoro. Kimya cha nyaraka kinatueleza zaidi juu ya nyaraka zenyewe kuliko juu ya Syokimau. Na utabiri wa reli, ambao ndio unaomfanya akumbukwe, ndio pia unaomficha.

Daftari na Wasioandikwa

Anayemtafuta mhenga wa kiume katika Machakos ana mahali pa kuanzia. Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianzisha boma hapo mwaka 1889, na tangu 1892 John Ainsworth aliliongoza. Mji wenyewe unachukua jina la Masaku, ingawa kwa matamshi yaliyogeuzwa na wageni. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20, kilichohesabiwa ni nyumba, na katika boma la mitala kila nyumba ilikuwa ya mke. Lakini aliyedaiwa kodi, na kwa hiyo aliyehitajika kujulikana, alikuwa mume. Kipande, kilichowekwa na sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa cha wanaume peke yao. Hata baada ya uhuru, wanawake wa Kenya hawakuingizwa katika sheria ya usajili wa watu mpaka mwaka 1978. Basi mtafiti asiyemwona nyanya wa nyanya yake katika madaftari haya hajagundua lolote juu ya mama huyo. Amegundua madaftari yaliandikwa kwa kazi gani.

Mwanamke aliingia katika faili pale alipoonekana kuihatarisha amani ya serikali. Mwaka 1911 Siotune wa Kathuke, pamoja na mwanamume aitwaye Kiamba, aliongoza vuguvugu la kidini Ukambani lililoutia utawala wasiwasi. Pwani, Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama, akakamatwa mwaka 1913. Mengi tunayoyajua juu yake yamepitia kalamu ya Arthur Champion, ofisa aliyepingwa naye. Gayatri Spivak aliuonyesha utaratibu huu huu kwa upande wa Bara Hindi katika makala yake ya 1985 kuhusu Rani wa Sirmur: malkia huyo hujitokeza katika hati za Kampuni ya India ya Mashariki pale tu anapohitajika kwa maslahi ya kampuni, kisha hutoweka. Syokimau hakupata hata mlango huo. Kwa mujibu wa masimulizi alifariki kabla hajakuwapo ofisa wa kumkamata.

Kuna matatizo mawili zaidi ambayo mwanafunzi wa nyaraka hana budi kuyazingatia. La kwanza ni tahajia. Jina lililoandikwa Siotune lina mwanzo ule ule wa Syokimau, Syombua na Syokau, majina ya kike ya Kikamba. Karani aliyaandika kadiri sikio lake lilivyompa. La pili ni desturi ya majina. Wakamba huwapa watoto majina ya babu na nyanya zao, hivyo jina hurudi kila baada ya kizazi kimoja. Kisha, tangu misheni ya Afrika Inland ilipofika Nzaui mwaka 1895, jina la ubatizo likaanza kulifunika lile la ukoo. Kuliona jina Syokimau katika hati, kwa hiyo, si lazima kuwe ni kumwona Syokimau huyu.

Utabiri Usio wa Mmoja

Je, mighani hutoa kile ambacho daftari hunyima? Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Utabiri wa joka la chuma si wa Syokimau peke yake. Wagikuyu huutaja katika habari za Mugo wa Kibiro, na Jomo Kenyatta aliuchapisha katika kitabu chake cha 1938. Wanandi humhusisha nao Kimnyole arap Turugat, aliyeuawa na watu wake mwaka 1890. Hata Ukambani kwenyewe wapo wasimulizi wanaompa Masaku utabiri huo. Kwa lugha ya uhakiki, hii ni motifu inayosafiri, ambayo kila jamii huivika jina la mtu wake.

Tofauti inajitokeza tukitazama majina hayo yamezungukwa na nini. Mugo ana baba. Kimnyole ana baba, na ana mwana, Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905 na kuandikwa sana kwa sababu hiyo. Nasaba inamshika Kimnyole kutoka pande zote mbili. Katika masimulizi yanayoenea sana, Syokimau hatajiwi baba, mume wala mwana. Tukimwondolea reli, habatilishwi, lakini hatuachiwi la kusimulia. Ndiyo maana tunasema reli imemfanyia kazi ile ile ambayo hati za kampuni zilimfanyia Rani: imemkubali aonekane kwa sharti kwamba aitangaze.

Sharti hilo lina gharama. Mtabiri akibaki kuwa mpiga mbiu wa reli tu, ukoloni nao hugeuka kuwa majaliwa yaliyojulikana zamani, wala si tendo la watu waliolitenda kwa faida yao. Mwaka 2012 kituo cha reli kilifunguliwa kwa jina la Syokimau, kando ya njia ile ile itokayo Konza. Heshima hiyo ni ya haki, lakini imezidi kumfunga kwenye pingili za joka lake.

Jina na Kazi

Baadhi ya wasomi watasema kwamba utabiri wa namna hii hutungwa baada ya tukio. Tuchukulie kuwa ndivyo. Hata hivyo, bado linabaki swali ambalo ni la kifasihi hasa: kwa nini fanani wa Kikamba, mwenye Masaku karibu, aliyaweka maneno haya mazito kinywani mwa mwanamke, na hadhira ikamwamini? Haiwezekani hadhira kuliamini jambo lisilolingana na maisha yake. Ukambani, mundu mue, yaani mganga na mpiga ramli, aliweza kuwa mwanamume au mwanamke, na katika ngoma ya kilumi, ambayo huhusu pepo na maombi ya mvua, wanawake wazee ndio wenye mamlaka. Utabiri wa Syokimau ulikubalika kwa sababu kiti cha kuutolea kilikuwapo, na wanawake walikuwa wamekwisha kukikalia.

Huu ndio ushahidi ambao mighani inautoa bila kukusudia. Hautupi tarehe ya kuzaliwa wala orodha ya watoto. Unatupa cheo, na cheo hicho kinaweza kuchunguzwa: katika maandishi ya Hobley ya 1910 na ya Lindblom yaliyotokana na utafiti wa miaka ya 1911 na 1912, katika nyimbo za kilumi, na katika kumbukumbu za koo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kumtafuta mhenga wa kike kunahitaji usomaji wa aina mbili kwa wakati mmoja. Nyaraka zisomwe kwa kuuliza ziliandikwa kumdai nani. Mighani isomwe kwa kutenga kilicho cha motifu na kilicho cha mtu. Mwanafunzi atakayeandika tasnifu juu ya Syokimau asianzie kwenye reli. Aanzie kwenye ngoma, kwa wanawake ambao mvua ilipochelewa ndio walioitwa. Na afikapo Konza, atakuwa na la kumwuliza Syokimau ambalo halihusu garimoshi.