Hongera, fundi wa uvunguni

Fundi wa rangi husifiwa na kila mpita njia. Fundi wa uvunguni husifiwa na nani? Leo namvulia kofia huyu anayelala chali chini ya gari, pale Kanengo, kaskazini mwa Lilongwe.

Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Baadhi yalikwishakanyaga chumvi inayomwagwa barabarani huko kuyeyusha theluji, kisha yakavuka bahari. Yakifika Malawi, masika ya Novemba hadi Aprili huyapaka tope. Basi dogo la abiria wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Dowa, hubeba tope hilo kwenye kila kona ya chasisi, nalo hukaa na unyevu kimyakimya hadi kutu ianze.

Fundi hodari hana pupa. Huosha, hukausha, hukwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa, hupaka rangi ya msingi, ndipo hupiga ile nyeusi ya lami. Breki na ekzosi haziguswi. Matundu ya kutolea maji hayazibwi. Anajua kwamba lami juu ya kutu au unyevu ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Nawe nyumbani unaweza kuosha tope uvunguni kila mara. Ila oili chafu usipake: hulainisha mipira na kuchafua ardhi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta; usipozuia kutu utanunua gari. Hongera, fundi!