Wachongaji wa Mpingo

Apitaye Mwenge, Dar es Salaam, aghalabu huuliza bei ya sanamu kabla hajamtazama aliyeichonga, ambaye ameketi chini kivulini, gogo amelibana kwa nyayo, tezo mkononi, akiliambua tabaka lake jeupe mpaka moyo mweusi wa mpingo udhihirike. Mti huu ni mzito hata huzama majini, na kwa ugumu wake huyafisidi makali ya chuma, basi fundi hulazimika kunoa mara kwa mara. Fauka ya hayo, gogo huweza kuficha ufa. Nao ukijitokeza baada ya kazi ya majuma mengi, hakuna wa kumfidia. Katika mtindo uitwao ujamaa, ambamo watu wengi hupandana na kushikana ndani ya gogo moja bila kiungo wala gundi, kichwa kimoja kikikatika hakirudishiki. Kisha huja tupa, kisha msasa, ambao kwa hakika ndio uchoshao zaidi.

Mimi namstahi mwenye mshahara wa wastani anunuaye kipande kimoja kwa mkono wa fundi mwenyewe, na mwakani akarudi kwa kingine, kuliko tajiri ajazaye ukumbi kwa siku moja. Kwani taslimu ya huyo mwenye mshahara ndiyo inunuayo gogo lijalo, litokalo mbali, mikoa ya kusini, kwa nauli na vibali. Naye akifika nyumbani, asiiweke sanamu dirishani penye jua: mpingo hupasuka.