Nani Anamzuia Mtoto?

Baada ya ibada, iwe Chamwino, Bahi au Kongwa, hukosi kusikia malalamiko mawili kuhusu watoto. La kwanza: "Serikali ilisema elimu bure, mbona tunachangishwa?" La pili: "Ustawi wa Jamii hawafanyi kazi." Yote mawili yana ukweli. Lakini muumini anapaswa kupima hata manung'uniko yake.

Tuanze na shule. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Fedha hiyo ni ndogo, na hapo Serikali inastahili kuulizwa. Lakini sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Mwaka wa njaa, asiye na mahindi ana hoja ya kweli, na mwanawe asifukuzwe darasani kwa sababu hiyo. Ila sisi tuliovuna, tunaochangia harusi bila kunung'unika, tukikataa debe moja la uji wa shule, tusijidanganye kwamba tunadai haki.

Sasa Ustawi wa Jamii. Maofisa ni wachache, na kutoka vijijini hadi ofisi ya wilaya ni mwendo na nauli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto, inapochelewa, tuilaumu. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali pake. Hata simu namba 116 hupigwa bila malipo.

Basi tujiulize. Mvulana aliyeachishwa shule akachunge ng'ombe, binti aliyepelekwa Dar es Salaam kutumika majumbani, mtoto aliyenajisiwa na ndugu yake: nani alijua kwanza? Mara nyingi ni sisi, wazee wa kanisa na akina mama wa jumuiya. Tukaketi na familia, faini ikatajwa, tukafunga kwa sala. Tukauita upatanisho. Mtoto hakuulizwa neno. Kesho yake tukalalamika kwamba ofisa hakufika, kumbe hakuna aliyemwita.

Katika Marko sura ya 10, waliowazuia watoto hawakuwa Mafarisayo wala askari wa Kirumi. Walikuwa wanafunzi wa Bwana mwenyewe, naye alichukizwa nao.

Tuendelee kudai. Tuhudhurie vikao vya shule na kuuliza mapato na matumizi. Ila anayejua habari ya mtoto anayeumizwa aipeleke kwa mtendaji wa kijiji au polisi kabla ya kuileta kwenye baraza la wazee. Amani ya watu wazima inayomwacha mtoto mikononi mwa anayemuumiza si amani ya Kristo.