Ndoa Katikati ya Umati: Uhakiki wa Filamu The Crowd

Filamu The Crowd, yaani Umati, iliongozwa na King Vidor na kutolewa na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer mwaka 1928, enzi ya sinema zisizo na sauti ilipokuwa ikielekea ukingoni. Habari yake ni ya kawaida. John Sims, aliyezaliwa tarehe 4 Julai 1900, anakwenda New York akiamini kwamba atakuwa mtu mkuu. Anakuwa karani, anamwoa Mary, nao wanaishi katika nyumba finyu ya kupanga kando ya reli na kupata watoto wawili.

Kamera inapanda ukuta wa jengo refu, inaingia ndani na kumkuta John kwenye meza moja kati ya meza nyingi zinazofanana. Picha hiyo yaeleza mengi kuliko maneno. John ataka kujitenga na umati, na tamaa hiyo ndiyo inayoitikisa ndoa yake. Kwani Mary anapika, anafua na kulea, naye mume anangojea bahati.

Binti yao anapogongwa na lori, John anatoka barabarani akiusihi mji mzima unyamaze. Mji haunyamazi. Baadaye anaacha kazi, anakata tamaa hata ya kuishi, na ni imani ya mwanawe mdogo inayomrudisha. Hatimaye anavaa mavazi ya kuchekesha na kurusharusha mipira ili kutangaza biashara, kazi ileile aliyoidhihaki zamani akiwa juu ya basi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo kilele cha filamu: John anakuwa mume siku anapokubali kuwa mtu wa kawaida.

Hata hivyo, filamu ina upungufu. Mary, aliyeigizwa kwa utulivu mkubwa na Eleanor Boardman, naye amefiwa na mtoto, lakini msiba wake hautazamwi kwa kina kama ule wa mumewe. Anaondoka na kaka zake, kisha anarudi upesi mno. Gharama ya msamaha wake haikuhesabiwa.

Mwishoni wanacheka pamoja katika ukumbi wa maonyesho, na kamera inarudi nyuma hadi wanapotelea kati ya watazamaji. Wengine huona hapo kushindwa. Sisi twaona kwamba umati haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba John hayumo tena peke yake. Basi kila ashauriye wanandoa na aitazame filamu hii, akijiuliza ni nani aliyelipia kicheko kile.