Kunta Kinte, Babu Yangu na Swali Lililobeba Jibu

Kila Desemba, mabasi ya Singida yakijaa, kuna mmoja wenu anapanda na daftari jipya: safari hii lazima aandike ukoo wake. Kama ni wewe, na kama kilichokuwasha moto ni Roots ya Alex Haley, hebu tuongee kidogo kabla hujashuka.

Kitabu kilitoka 1976. Mwaka uliofuata kikawa tamthilia iliyotazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 100, na Haley akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Sifa zake sizipunguzi. Watu walioambiwa hawana historia walianza kuwauliza bibi zao maswali. Ugomvi wangu uko mwishoni mwa kitabu, pale Haley anapoeleza alivyompata Kunta Kinte. Hapo anadai amefanya utafiti, basi tumpime kama mtafiti.

Alifika kijiji cha Juffure, Gambia, mwaka 1967. Mzee Kebba Fofana akasimulia ukoo wa Kinte hadi kwa kijana aliyekwenda kukata mti asionekane tena. Inasisimua, kweli. Lakini soma vizuri: kabla ya hapo Haley alishawasimulia wenyeji wake mjini Bathurst (Banjul ya leo) hadithi ya familia yake, jina likiwemo. Ndipo mzee akatafutwa. Maabara tungesema sampuli imechafuliwa. Huwezi tena kutenganisha kumbukumbu ya kijiji na maneno ya mgeni. Mwanahistoria Donald Wright alikwenda Gambia kuhoji, na mwaka 1981 akaandika kwamba simulizi ya Fofana haiwezi kubeba mzigo aliotwishwa.

Nyaraka nazo zinagoma. Haley anasema Kunta aliletwa na meli ya Lord Ligonier, iliyotia nanga Annapolis mwaka 1767, kisha akaitwa Toby. Gary na Elizabeth Mills walipopekua kumbukumbu za Virginia, wakamkuta Toby huyo yupo tayari mwaka 1762. Mtu hawezi kutangulia meli yake kwa miaka mitano.

Usimcheke. Mimi nilifanya kosa hilo hilo Ikungi, kwa babu yangu mzaa baba. Niliwasha simu nirekodi, nikamuuliza: "Babu, sisi si tulitokea Usukumani?" Akanyamaza, akajibu, "Ndiyo mjukuu wangu, huko huko." Nikarudi chuoni nikitamba. Miezi michache baadaye binamu yangu akamuuliza tu: "Babu, baba yako alizaliwa wapi?" Akataja sehemu nyingine kabisa, ndani ya Singida hii hii. Kumbe mimi alinipa heshima, hakutaka kunivunja moyo mbele ya watu. Alifariki kabla sijarudi kumuuliza upya. Rekodi ninazo mbili, hazipatani, na shangazi ananiuliza niandike ipi.

Kwa hiyo wewe nenda hivi. Uliza swali lisilobeba jibu: "alizaliwa wapi", sio "si alizaliwa kule?" Wahoji wazee wawili, kila mmoja peke yake, na usimpelekee wa pili maneno ya wa kwanza. Mzee asipojua mwaka, usimlazimishe, mpe tukio. Kwa Wanyaturu, uliza kama ilikuwa kabla au baada ya Wajerumani kumuua Liti. Kwa watu wa karibuni, uliza kuhusu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: walihamishwa kutoka wapi? Kisha omba upelekwe kwenye mahame yao. Makaburi yaliyobaki huko ni ushahidi ambao haukusikia swali lako.

Vyeti usivitegemee sana, maana enzi za ukoloni usajili wa vizazi haukuwa wa lazima kwa Waafrika. Vitabu vya ubatizo vya misheni vinaweza kuziba pengo, ila havimtaji asiyebatizwa.

Haley alipobanwa, alikubali kwamba kitabu chake kimechanganya ukweli na ubunifu. Laiti angetuonyesha mpaka uko wapi! Wewe uonyeshe: kwenye daftari, juu ya kila jibu, andika swali lenyewe neno kwa neno, tarehe, na nani mwingine alikuwepo. Ndivyo nilivyofanya na rekodi zangu mbili. Shangazi nimemwambia tunaziandika zote, na mwezi wa 12 tunakwenda kumwona mdogo wake babu. Safari hii anayeuliza ni binamu.