Hadhari ya Jeki

Katika ufundi wa motokaa za kale, kazi isiyopata sifa ni ile ya kupiga jeki, kwa kuwa hutangulia kazi yenyewe na kusahauliwa mara gurudumu linapotoka; nami naitakidi kwamba fundi hupimwa hapo zaidi kuliko penye injini, maana injini iliyofungwa vibaya hunguruma na kumfedhehesha mwenyewe, bali gari lililoinuliwa vibaya hunyamaza mpaka dakika ile linapoanguka.

Nilimtazama mzee mmoja wa Tanga, aliyetumikia mashamba ya mkonge, akitoa gurudumu la nyuma la Land Rover ya mwaka 1954. Magari hayo yalianza kuuzwa mwaka 1948, chuma kikiwa adimu Uingereza baada ya vita, ndipo yakavikwa bodi ya alumini. Lakini chesisi ilibaki ya chuma chenye uwazi ndani, na hewa ya chumvi ya pwani yetu huila kwa siri, hata mtu akaghurika na ubavu usio na kutu, akaegemeza jeki chini ya chesisi, nayo ikapenya kama kidole katika papai bivu. Mzee aliigonga chesisi kwa nyundo, akasikiliza, kisha akaiacha, akaweka jeki chini ya ekseli, karibu na springi.

Hila iliyo kubwa zaidi imo katika breki ya mkono, ambayo kwa gari hilo haishiki magurudumu, bali hushika shafti itokayo nyuma ya gia. Gurudumu moja la nyuma likiisha kuelea, difu hulipa ruhusa ya kuzunguka, na ijapokuwa shafti imefungwa kabisa, gurudumu lililobaki chini laweza kuviringika huku na mwenziwe wa juu akizunguka kule, gari likateleza kutoka juu ya jeki hali breki imevutwa! Kwa hiyo aliyatia magurudumu yote manne kwenye gia, ili ya mbele nayo yashikwe, akayapigilia kabari mbele na nyuma.

Nati tano alizilegeza gurudumu lingali chini, kwani nguvu ya mkono uvutao spana yatosha kulitikisa gari lililo juu. Chini ya jeki alilaza ubao wa mninga, usije mchanga ukaimeza, kisha akainua polepole, akichungulia kabari kila baada ya mapigo machache.

Sisi Waswahili humwambia aliyesaidiwa karo au mtaji kuwa amepigwa jeki. Wala hatutaji stendi, ilhali stendi ndiyo yenye amana. Jeki ya mafuta hutegemea mpira, na mpira huzeeka. Ya parafujo hushika kwa meno yake, lakini kitako chake ni chembamba na hupinduka upesi. Zote mbili zimeumbwa kuinua. Mzee aliingiza stendi ya chuma chini ya ekseli, akashusha jeki mpaka uzito wote ukatua juu ya stendi, akalisukuma gari kwa bega lake, mara moja, mara ya pili, kwa nguvu kuliko nilivyotazamia. Halikutikisika. Hapo ndipo alipotoa nati, akalivuta gurudumu, akalilaza chini ya chesisi, liwe la kupokea gari endapo stendi ingemhini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akapiga goti na kuingiza mkono wake ndani.